Picha Ilipoacha Kukwama

Mtaani walimwita Fundi Baridi kwa sababu kazi yake ilikuwa friji, na kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha hasira. Ukimletea friji iliyonuna, isiyogandisha hata maji ya kunywa, aliizunguka polepole, akaweka kiganja mgongoni mwake, akasikiliza. Kusikiliza ndiko kulikomlisha. Kompresa inayochoka aliijua kwa mlio, na gesi inayovuja aliitambua kabla hajafungua begi la vifaa.

Mkewe alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani limetazama dirisha, na nyumbani mwao mazungumzo yalikuwa ya mikono. Fundi Baridi alijifunza lugha ya alama ukubwani, kwa ajili ya uchumba tu. Mpaka leo mkewe akipata wageni humwigiza, jinsi siku ile alivyotaka kumwambia anampenda, akajikuta amemwambia ana kikohozi. Mwanamke huyo aliporudi kwao aliwaeleza dada zake kwamba amepata mchumba, mgonjwa lakini mwenye adabu.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, mwenye masikio mazima. Aliongea kwa mikono kabla hajaongea kwa mdomo. Akiwa mchanga bado, mama yake alimpa jina la alama: kidole kinabonyeza shavu, pale palipoingia kishimo kila alipocheka. Jina la kwenye vyeti lilibaki kwenye vyeti. Hata baba mtu, akimkumbuka akiwa peke yake kazini, kidole ndicho kilichosogea shavuni kabla ulimi haujafanya lolote.

Binti alikua, akasomea upishi, akapata kazi nchi ya mbali kwenye kiwanda cha keki. Kazi yake ilikuwa kupamba. Maua ya sukari, majina ya maharusi, vishada vya zabibu vilivyofinyangwa kimoja kimoja kwa vidole. Alipoondoka aliwaachia laptopu yake ya chuoni.

"Baba, simu yako ni ndogo, mama atapofuka," alisema. "Tutumie hii. Skrini yake ni kubwa, ataniona mpaka kiunoni."

Kwa hiyo kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, mama alivua miwani ya kushonea, akavaa ile ya kuonea mbali, akakaa mbele ya laptopu. Binti alitokea. Wakaongea wao wawili kwa mikono, kwa kasi ambayo Fundi Baridi hata baada ya miaka yote ile ilimwacha nyuma. Alikaa pembeni na chai yake, akidaka nusu, akicheka pale wenzake walipocheka.

Mwaka wa kwanza haukuwa na shida. Kisha ile programu ya simu za video ikajisasisha, ikarudi na vikorokoro vipya vya kila namna, na laptopu ikaelemewa. Picha ikaanza kukwama. Binti alinyanyua mkono, mkono ukaganda hewani. Ulipokuja kushuka, sentensi ilikuwa imeshapita. Kwa mtu mwenye masikio hilo lilikuwa jambo dogo, maana sauti ilifika vizuri tu. Kwa mama ilikuwa kama kusikiliza redio ambayo kila baada ya neno moja mtu anaizima.

Basi Fundi Baridi akawa mkalimani. Binti alisema kwa mdomo, baba akatafsiri kwa mikono. Mama akajibu kwa mikono, baba akasema kwa mdomo. Mwanzoni alijisikia fahari, kama mchezaji wa akiba aliyeingizwa uwanjani. Baadaye aliona mkewe anapoa. Mazungumzo yakawa mafupi. Mama hakuuliza tena mambo ya kike, wala kusengenya majirani, kwa sababu nani anasengenya kupitia kwa mumewe?

"Anasema hajambo," Fundi alitafsiri Jumapili moja. "Anasema kapandishwa cheo. Hapambi keki tena, wamempeleka ofisini, anapokea simu za wateja."

Mkewe alimtazama, kisha akaitazama ile picha iliyoganda, binti akiwa amefumba jicho moja na mkono ukungu mtupu.

"Wewe unamsikia," alisema kwa mikono. "Mimi simwoni. Kuna kitu anaficha."

"Anaficha nini? Mtoto anacheka."

"Anacheka kwa sauti. Sauti ni yenu ninyi wawili."

Fundi alilichukulia kuwa ni wivu. Yeye alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba binti yake sasa ni mtu wa ofisi.

Habari ya laptopu mpya binti aliitaja mwenyewe. Atawatumia moja, nzuri, nyepesi. Mwezi huu, mwezi ujao. Mzigo umechelewa. Rafiki aliyekuwa aje nayo ameahirisha safari. Baba alipomwambia wanafikiria kuitengeneza hii iliyopo, binti alijibu haraka: "Msijisumbue, Baba. Hiyo ya zamani, mtapoteza muda bure. Nisubirini mimi."

Walisubiri. Mwishowe mama ndiye aliyechoka. Asubuhi moja aliifunga ile laptopu kwenye kitambaa cha sare, akaitua mezani mbele ya mumewe aliyekuwa anakunywa chai, akasema: "Wewe unafufua friji zilizokufa. Hiki kinakushinda nini?"

Fundi Baridi hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alimjua aliyekuwa. Karibu na duka la vipuri alikonunulia mabomba ya shaba palikuwa na dada mmoja aliyetengeneza kompyuta kwenye kibanda cha kioo, watu wakimwita Bi Skrubu kwa sababu alizishika skrubu kwa midomo kama mshonaji anavyoshika pini. Alizitema kiganjani ili aamkie.

"Shikamoo, mzee. Hiyo nayo uliichimbua wapi?"

"Marahaba. Usiitukane, ni mtoto wa watu."

Bi Skrubu aliiwasha, akafungua programu ya video, akampigia mwenzake wa kibanda cha pili. Kisha akafungua kidirisha kingine chenye mstari uliopanda na kushuka. Mara ule mstari ukaparamia juu kabisa, ukakaa hukohuko.

"Unaona? Mtandao wenu hauna neno. Picha zinafika zote. Ila zinafika zimebanwa, kama nguo kwenye begi la safari, na wa kuzikunjua ni prosesa, ubongo wa mashine. Huyu wenu akikunjua moja, tatu zimeshampita. Basi anazitupa."

"Tumbadilishe?"

"Mtaweza. Laptopu za siku hizi prosesa inachomelewa kwenye ubao, ikizeeka inazeeka na nyumba yake. Hii ya zamani ina bahati, imekaa kwenye soketi. Inang'oka kama balbu." Akavuta droo, akachakura. "Ninayo moja iliyotoka kwenye mashine iliyopasuka skrini. Ni ya familia hiyohiyo, soketi hiyohiyo, ila ina nguvu maradufu. Acha kwanza niisasishe hii programu yake ya msingi, ije imtambue mgeni. Kazi yenyewe njoo Alhamisi, nina foleni."

Fundi Baridi aliona mabomba madogo ya shaba kwenye laptopu nyingine iliyokuwa wazi mezani, yamelazwa kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye feni. Shaba alikuwa ameikunja maisha yake yote. Roho ikamtuma.

"Nielekeze," alisema. "Nitafanya mwenyewe nyumbani."

Bi Skrubu alimtazama vidole, akamwelekeza bila kinyongo. Toa betri kwanza. Utakapoibandua shaba, futa ile krimu ya zamani ya kupitishia joto kwa spiriti mpaka pang'ae. Kona moja ya prosesa ina pembe tatu ndogo, ifuate hiyo, wala usikandamize. Ikikataa ujue umekosea wewe. Krimu mpya kiasi cha punje ya mchele. Skrubu za shaba kaza kwa kukatisha, moja huku moja kule.

Walifanya kazi ile pamoja, mume na mke, kwenye meza ya kukatia nguo. Mke alishika taa. Hapo ndipo Fundi alipogundua kwamba hawawezi kuongea: mikono yake imejaa bisibisi, ya mkewe imejaa taa. Wakabaki na nyusi. Akiinua nyusi, taa inasogea. Mkewe akikunja midomo, ujue umesahau skrubu. Krimu ya zamani ilikuwa imekauka kama ugoro, aliikwangua kwa pamba na spiriti, na chini yake chuma kikatokea kinang'aa hata kikamrudishia sura yake. Alilegeza skrubu ndogo ya kufungia soketi, akanyanyua prosesa ya zamani kwa kucha. Kitu chepesi, kidogo kuliko biskuti. Mkewe alikiweka kwenye kiganja akakipima uzito, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mwizi mfupi.

Mpya ikakaa yenyewe. Wakafunga. Wakawasha. Taa ikawaka, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Mkewe aliweka kiganja mezani kusikia mtetemo wa feni. "Inapumua," alisema, taa ikiwa sasa imewekwa chini. "Tazama tena." Fundi akafungua tena, akapapasa kila kitu mpaka akagusa kipande chembamba cha kumbukumbu ya mashine kilichokuwa kimechomoka upande mmoja, bila shaka alikigonga kwa kiwiko. Akakisukuma, kikalia, naye peke yake akausikia mlio ule mdogo. Walipowasha mara ya pili skrini ilijaa mwanga, na mkewe akampiga kofi la bega lililomuuma mpaka jioni.

"Tusimwambie," mama alisema. "Jumapili atatukuta tu. Tumshtue."

"Tumshtue," baba akakubali.

Jumapili ile mama alivaa blauzi ya rangi moja, isiyo na maua, kwa sababu mikono huonekana vizuri mbele ya nguo isiyo na makeke. Akakaa. Fundi akavuta kiti chake nyuma kidogo, awapishe. Hakutaka hata kushika kikombe.

Binti alitokea. Picha ilikuwa laini kama maji. Walimwona anavuta kiti, anasogeza nywele, nyuma yake pazia linapepea, na kila mpepeo unaonekana. Fundi Baridi alishikwa na furaha mpaka akajiuma mdomo asiropoke.

"Shikamoo, Baba. Mama hajambo?" binti alisema kwa mdomo. Na kwa mikono, kwa desturi tu, akamwamkia mama yake na kumwambia Jumapili hii kuna baridi.

Alikuwa hajui. Alidhani kule kwa wazazi wake bado picha imekwama, kwamba mama anaona ukungu kama siku zote, kwa hiyo hakujichunga. Mkono wa kulia ulipanda nusu, ukatetemeka, ukaanguka pajani. Wa kushoto ulikuja kuusaidia. Vidole viwili vilivyotakiwa kunyooka vilibaki vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kikombe. Neno "baridi", ambalo mtoto wa miaka miwili hulisema kwa ngumi mbili, lilitoka kama mtu anayejaribu kuzuia kitu kisimponyoke.

Fundi aliona, lakini alihitaji muda kuelewa alichokiona. Mkewe hakuhitaji. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, akisoma. Macho yake yalitoka kwenye mkono wa kulia, yakaenda wa kushoto, yakapanda kwenye bega lililokuwa linafanya kazi ya kiganja. Kisha akaketi wima.

"Rudia," alisema kwa mikono, taratibu.

Binti alicheka kwa sauti. "Baba, naona picha imekwama tena. Mwambie mama mtandao leo mbovu."

Na Fundi Baridi, aliyekuwa amebeba maneno ya binti yake kila Jumapili kwa muda mrefu vile na kuyafikisha yalivyo, hakuinua mikono.

"Mtandao mzuri, mwanangu," alisema. "Tumebadilisha prosesa. Mama anakuona."

Binti alibaki anawatazama, na kama isingekuwa lile pazia kuendelea kupepea nyuma yake, ungeapa picha imekwama kweli. Halafu akaishusha mikono yake chini ya meza, haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mama akaisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Ilete juu," alisema. "Ilete hapa niione. Mikono yako imefanyaje?"

Binti akalia. Alilia kwa sauti, na sauti ile Fundi aliisikia peke yake. Mkewe aliona mabega tu. Fundi akaijua mara moja tofauti ambayo mkewe alikuwa akimwambia siku zote.

Yaliyobaki yalitoka vipande vipande. Ilianza kwa kuangusha mfuko wa krimu ya keki. Halafu vifungo vya nguo vikamshinda. Hospitali walimpima hiki na kile, wakampa jina refu la ugonjwa: mishipa inayoamrisha misuli ilikuwa inakufa, imeanzia mikononi, haitaishia mikononi. Dawa ya kuurudisha nyuma haikuwepo. Ofisini hakupandishwa cheo, walimhurumia tu wakampa simu za kupokea kwa kifaa cha masikioni. Laptopu mpya hakukuwa na rafiki yeyote wa kuileta. Picha iliyokwama ndiyo iliyomsitiri.

"Nilitaka mama aniongeleshe kama zamani," alimwambia baba yake. "Akijua, atakuwa ananihurumia tu. Na mikono ikiisha, Baba, nitaongea naye kwa nini?"

Fundi aliyatafsiri yote hayo. Swali la mwisho mikono yake ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikalitoa.

Mama alibonyeza kidole shavuni, jina la mwanawe, kisha akafanya ishara moja fupi ambayo haikuhitaji mkalimani: njoo nyumbani.

Binti alirudi kabla ya mvua. Aliposhuka kwenye gari bado alikuwa anatembea, akiburuta mguu mmoja, na mama yake alimkamata viganja palepale barabarani, akavigeuza, akavikagua upande huu na huu kama kitambaa kilichorudishwa na mteja. Vilikuwa vimekonda katikati ya mifupa. Hakulia mbele yake. Alilia jikoni, mbele ya mumewe, bila machozi mengi, akimwambia kwa mikono iliyogongana: "Kwa nini hukumsikia? Una masikio mawili. Kwa nini hukusikia?"

Fundi Baridi alijiuliza hilohilo alipokuwa amelaza kiganja kwenye migongo ya friji za watu. Alikuwa amezisikia kompresa zote za mtaa.

Miezi ile mama na binti waliongea kadiri walivyoweza. Mikono ilipopungua, mama alisogeza kiti karibu zaidi na kujifunza kusoma kidogo kilichobaki. Neno lililohitaji mkono mzima alilidaka kwenye kiwiko. Kiwiko kilipochoka, alilidaka begani, na mwishowe kwenye kidole kimoja cha shahada kilichokwaruza shuka. Fundi, aliyejiona mjuzi, hakuambulia kitu. Walirudi kusengenya majirani kwa kidole kimoja. Mara nyingine binti alimaliza kusema na mama akageuka ukutani mabega yakimtikisika, akicheka, wala hawakumwambia baba ni nini.

Kidole nacho kikanyamaza. Ikabaki sauti, nayo ilikuwa imeanza kuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. Ndipo Fundi Baridi aliporudi kuwa mkalimani, na safari hii aliiogopa kazi. Kila neno kati ya mke wake na mtoto wake lilipita kwake.

Asubuhi moja, baada ya usiku ambao binti hakupata usingizi kwa kukabwa na mate, mama aliingia na maji ya moto na taulo, akauliza kwa nyusi.

"Baba," binti alisema, "mwambie mama nimelala vizuri."

"Umelala?"

"Mwambie tu, Baba."

Aliinua mikono. Mkewe alikuwa anamsubiri, taulo begani, uso wa mtu anayetaka kuamini. Fundi Baridi akatafsiri: "Amesema nikwambie amelala vizuri."

Mkewe aliwatazama, mmoja, kisha mwenzake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akalazimika kuliweka beseni chini. Binti alipomwona mama yake vile alijua amechongewa, akaguna, "Baba wewe!" halafu naye akacheka, kicheko cha kukwamakwama kilichomletea kikohozi, ikabidi wamwinue wote wawili na kumpiga mgongo, huku yeye bado anacheka. Kutoka siku hiyo hakumwomba tena baba yake apeleke uongo. Akiwa vibaya alisema yuko vibaya. Mama alifikishiwa, akajibu, na jibu likafikishwa. Kulikuwa na siku ambazo Fundi alitamani asingekuwa na lugha hata moja.

"Mngeiacha ile laptopu na ubovu wake," binti alimwambia siku nyingine wakiwa peke yao, "ningewaficha mpaka mwisho. Mngeletewa habari na mtu baki."

"Unatulaumu?"

Alifikiri. Kufikiri kwake sasa kulikuwa kwa muda, kwa sababu alichagua maneno mepesi kutamka. "Wiki ile niliwachukia," alisema. "Sasa hivi hapana. Baba, nigeuzie shingo, nataka kumwona mama anashona."

Akamgeuzia.

Alifariki mchana, mama yake akiwa amemshika mkono na baba ameenda kuteka maji. Aliporudi, mikono miwili ya mkewe ilikuwa imeushika ule wa mtoto, na hakuwa tayari kuuachia ili aseme. Fundi aliitua ndoo, akajua.

Watu walikuja, wakajaa, wakaondoka. Nyumba ikabaki ya wawili. Wiki zilipita hivyo, cherehani likienda kidogo na kusimama, mpaka mwenye bucha la mtaa wa pili alipokuja kugonga. Fundi alifungua mlango, akafungua mdomo amkaribishe, na sauti haikutoka mara moja. Ilitoka kwa kukwaruza, ngeni, kama ya mtu mwingine. Ndipo alipokumbuka kwamba ndani ya nyumba ile aliyekuwa akiongea naye kwa sauti alikuwa mmoja tu.

"Pole, fundi," yule mwenye bucha alisema, akiangalia chini. "Sikutaka kukusumbua. Ila lile friji langu kubwa limegoma, na nyama imo."

Akaenda. Alikaa huko mpaka alasiri. Aliporudi alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na mkewe alikuwa amekaa mbele ya cherehani, sare moja mapajani, hashoni.

Alimtazama, akauliza: "Lilikuwa na nini?"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kujali friji la mtu linaumwa nini. Fundi Baridi alivuta kiti akaketi mbele yake. Akaanza kumweleza. Alimweleza jinsi feni ya ndani ilivyoganda, barafu ikaijaa kama pamba, mwenye bucha akidhani ni gesi. Jinsi alivyoiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, kidogokidogo, asije akapasua bomba. Jinsi paka wa bucha alivyokaa kwenye begi la vifaa akakataa kutoka, mpaka wakampa kipande cha utumbo. Alitumia mikono yote miwili, akakosea neno moja, akalirudia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa macho, kisha akamuuliza yule paka alikuwa wa rangi gani.